Vyuma Kumi na Kimoja

Jumamosi, mwezi 3 Mfunguo Tano

Siku ya mafuta. Nimevitoa vyuma vyote kashani, kumi na kimoja, nikavipanga juu ya jamvi. Singe nane, zile za kuchomekwa mdomoni mwa bunduki, na visu vya vitani vitatu. Kutu imeanza kuila singe ya Mturuki karibu na mpini. Hewa hii ya Malindi haina adabu. Nimeisugua kwa majivu, kisha mafuta ya simsim.

Nimelinganisha tena ya Mfaransa na ya Mturuki. Ya Mfaransa ni ndefu zaidi kwa vidole vinne, imepinda kidogo, mpini wa shaba tupu. Nzuri mno, lakini nzito mbele, mkono unachoka. Ya Mturuki haina sura, lakini ukiishika inatulia. Ningekuwa mimi askari ningechukua ya Mturuki. Ile ya pembe tatu sijaipenda hata leo. Haina makali popote, ni ncha tu, haikati hata uzi. Imefanywa kwa kuchomea watu na haina kazi nyingine.

Kaka Athumani kapita, kaniona nimeketi katikati ya vyuma, katikisa kichwa. Mwanamke na singe wapi na wapi. Maneno hayo nayasikia tangu Baba yu hai. Marehemu alikuwa mshona ala za majambia, na alipopofuka mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Yeye anapapasa chuma, mimi napima na kuandika: urefu, unene, mgongo, mfereji uliochongwa ubapani. Athumani wakati huo alikuwa barazani anacheza bao.

Jumatatu, mwezi 5

Mpiga mbiu kapita asubuhi. Silaha yoyote ya jeshi, nzima au mbovu, bunduki, singe, hata kisu, ipelekwe bomani kabla ya sala ya Ijumaa. Atakayekutwa nayo baada ya hapo atajua mwenyewe. Tangu vita vya Wazungu vianze, serikali inaogopa kila king'aacho.

Sipeleki.

Naandika sababu ili nisije nikajisahau. Hakuna hata kimoja kilichoibwa. Singe ya askari wa serikali, yenye ncha iliyokatika, waliitupa wenyewe pamoja na mikanda mibovu, na Baba aliiokota mbele ya macho yao. Ya Mfaransa ilitoka kwa baharia aliyetaka ala ya kisu chake. Viwili vya Mdachi vililetwa na wachukuzi wa mizigo kutoka kusini. Kila kimoja najua kilipotoka na kilipoingilia mlango huu. Serikali haikunipa hata sindano.

Athumani kaja jioni kunisihi. Dadangu, nipe mimi nivipeleke, hutatajwa. Nimemwambia akinywa kahawa na anywe, asipokunywa njia anaijua.

Jumanne, mwezi 6

Nimehamisha kasha. Liko uani, chini ya rundo la ngozi mbichi za mbuzi, na harufu yake sikwambii. Hakuna karani atakayekunja kanzu yake kuinua zile ngozi.

Vilikuwa viwili vya Mdachi, sasa nina kimoja. Nakiandika hapa kwa kuwa nilikuwa nikikitafuta kwa mazoea. Cha pili, ambacho hakimo katika hivi kumi na kimoja, kilikuja kimekatika mpini, nikampa Kalume, mgema wa kijijini Adu anayeniletea ngozi. Ngozi sita kwa chuma kimoja, na mimi nikamtilia mpini na kumshonea ala. Kalume kakikata kikawa kifupi, kakinoa, sasa ndicho kisu chake cha kugemea. Anapanda minazi nacho kiunoni. Chuma kilichotoka kwenda kuua watu sasa kinachonga makuti, na hilo linanifurahisha kuliko vyote vilivyo kashani.

Ijumaa, mwezi 9

Adhana imepita. Sijapeleka. Nimepika wali wa nazi na samaki changu wa kupaka, nimekula nimeshiba.

Jumapili, mwezi 11

Kadzo, mkewe Kalume, kafika saa nne, miguu imejaa tope la mto Sabaki. Amelala njiani Magarini. Shikamoo yake ilitoka na kilio.

Wamemkamata Kalume. Askari mmoja alipoteza singe yake huko Magarini wiki jana, na shaushi, mkubwa wao, akatoa watu wake wakague kila kiuno. Wamemkuta Kalume yuko juu ya mnazi. Wakamngoja chini. Alipotua wakachomoa kisu, wakatazama ala, wakamfunga kamba. Yuko bomani hapa mjini. Alhamisi wanampeleka Mombasa, kwenye baraza la kijeshi, na Kadzo kaambiwa kwamba mwizi wa silaha wakati wa vita harudi.

Nimemuuliza kwa nini ala. Kasema askari walionyeshana ile shaba ya nchani.

Ile shaba niliitia mimi. Nilikuwa nayo kofia ndogo ya shaba iliyovuliwa kwenye ala kuukuu ya serikali, inang'aa, na ala ya Kalume ilikuwa imenitoka vizuri, mshono wa kamba mbili kama wa Baba. Nikaona haifai kuachwa ncha wazi. Nikaigongea. Ina alama ya mshale ambayo serikali hupiga kwenye mali yake, na mimi ule mshale niliuona, nikausugua ung'ae zaidi. Majivuno yangu tu. Mshona ala haachi ncha tupu, ndivyo tulivyolelewa, na nimemtia mwenzangu kitanzi kwa ajili ya urembo.

Jumatatu, mwezi 12

Kadzo kapeleka chakula bomani. Kalume hajasema alikopata kisu. Anasema alikiokota njiani, na kila anaposema hivyo wanazidi kumwona mwizi. Kanitumia neno kwa mkewe: mwambie mama anyamaze.

Nimekasirika mpaka nimemwaga wanja wa kutilia rangi ngozi. Nani kamwomba anikinge? Ana watoto wanne na minazi ya watu. Mimi nina kasha.

Athumani naye anashauri ninyamaze. Kwa mara ya kwanza yeye na Kalume wana shauri moja. Kasema, ukienda pale na kusema kisu ni chako, watauliza vingine viko wapi. Kweli. Watauliza, na nitavikosa vyote. Nimeliwaza hilo mchana kutwa, na naona haya kuandika kwamba nimeliwaza kwa muda mrefu hivyo.

Jumanne, mwezi 13

Nimelitoa kasha uani. Nimeiweka singe ya serikali upande huu, ya Mdachi upande ule, nikazitazama kama sijawahi kuziona.

Ya serikali: fupi, makali pande zote mbili, mgongo uko katikati kama uti wa jani, bapa zote mbili zinashuka kuwa nyembamba. Haina mfereji.

Ya Mdachi: makali upande mmoja tu. Upande wa pili ni mgongo mnene, unaweza kuulazia kidole gumba. Mfereji kila bapa.

Kisu cha Kalume kimefupishwa na kunolewa, lakini mgongo wake mnene upo na mfereji upo. Aliyepoteza singe yake amepoteza nyingine kabisa. Hata mtoto wa chuo cha Kurani angeona. Wao wametazama shaba, chuma hawakukitazama.

Naweza kuyasema haya kwa mdomo, lakini nani atamsikiliza mwanamke anayeeleza migongo ya singe? Lazima wazione zote mbili mezani.

Nimevipaka mafuta vyote. Nimekaa navyo mpaka alasiri. Nimelia, na sioni haya.

Jumatano, mwezi 14

Nimeandika hii nikiwa nimechoka.

Nimejitanda kanga, nimemwambia Athumani abebe kasha au nilibebe mwenyewe kichwani nipite nalo sokoni. Kabeba. Kadzo nyuma yetu.

Bomani tumesimamishwa juani hadi saa tano. Bwana Mkubwa, Mzungu wa boma, yuko mezani, karani anamfasiria, shaushi kasimama kando na kisu cha Kalume mkononi. Nimetoa salamu. Nimesema jina langu na la baba yangu. Nimesema kisu hicho nimekitoa mimi, ala nimeishona mimi, na shaba nimeigonga mimi, na mshale huo umetoka kwenye ala yenu kuukuu mliyoitupa. Karani kanitazama kana kwamba nimevua nguo. Kanambia kwa sauti ya chini, Bi Mwanahawa, unajua unachokisema? Nimemwambia afasiri, asinihurumie.

Nimefungua kasha.

Nimeweka mbele yao singe ya serikali na ya Mdachi, nikaomba kisu cha Kalume kiwekwe katikati. Shaushi kasema singe yao imechongwa ikabadilika umbo, hawa wagema ni mafundi wa tupa. Hapo ndipo nilipompenda, maana kanipa nilichokitaka. Nikamuuliza tupa yako huondoa chuma au huongeza. Kasema huondoa. Basi weka kidole kwenye mgongo wa kisu hiki, kisha tafuta kwenye singe yako mahali penye unene huo. Katafuta. Kageuza. Katafuta tena. Askari wawili wa mlangoni wameisogelea meza wenyewe. Mmoja kachomoa ya kwake kiunoni, kapima kwa kucha, kaitikia kwa kichwa kabla hajakumbuka ni wa upande gani.

Bwana Mkubwa kazishika zote tatu kwa zamu. Si mjinga yule. Kaniuliza kwa karani nani kanifundisha. Nimesema baba yangu, na hakuwa na macho.

Kacheka. Si kwa ubaya, lakini kacheka. Kisha kasema mgema aachiliwe, na mwanamke huyu kwa haki alistahili kufungwa kwa kukaidi amri, ila kwa kuwa ni mwanamke atasamehewa, na kasha libaki. Nimesema ikiwa ni kosa nifungwe kama waliokosa wengine, na ikiwa si kosa nirudishiwe changu. Karani hakuifasiri. Najua hakuifasiri, maana uso wa Mzungu haukubadilika. Athumani kanishika kiwiko, kanivuta nje.

Kalume katoka saa nane. Amekonda, mikono ina alama za kamba. Hakusema asante, na mimi sikutaka. Kasema, mama, nilikwambia unyamaze. Nimemwambia nami nilimwambia atunze kile kisu kisipate maji. Kadzo kacheka kwanza, sote tukafuata.

Alhamisi, mwezi 15

Wameondoka kurudi Adu. Nyumba kubwa leo.

Jumamosi, mwezi 17

Siku ya mafuta. Nimetoa chupa, nimetandika jamvi, ndipo nikakumbuka.

Nina hasira. Sitaandika kwamba ni heri, kwamba roho ya mtu ni bora kuliko chuma, watu wanakuja mlangoni kunambia hivyo na wote wamekula chakula chao vizuri. Najua ni bora. Mimi ndiye niliyepeleka. Lakini vilikuwa vyangu, tumevikusanya mimi na Baba kwa miaka kumi na tisa, na wamevichukua kwa adhuhuri moja bila kuuliza hata kimoja kinaitwaje. Bwana Mkubwa kavishika kama mtu anayechagua embe.

Athumani kaja. Safari hii hakutikisa kichwa. Kaniletea tambuu, kakaa jamvini, kisha kaniuliza ile ya Mturuki ilikuwa na uzuri gani hasa. Nimemweleza mpaka adhana ya magharibi. Miaka yote hii hakuwahi kuuliza.

Jumatano, mwezi 21

Nimeandika upya orodha ya vyote kumi na kimoja, kwa kichwa, bila kutazama daftari la zamani. Nimekosea kimoja tu, upana wa kisu cha kukunja.

Jumanne, mwezi 27

Mvua kidogo alfajiri. Kalume kaleta ngozi kumi, kazipanga ukumbini hadi mlangoni, kaondoka mapema. Ana kotama mpya ya kugemea, kazi ya mhunzi wa Mambrui. Anasema haifiki nusu ya kile kisu kilichobaki bomani.

Baada ya adhuhuri askari kabisha hodi, kabeba kitu ndani ya kitambaa cheupe. Kijana mpole, ni yule aliyepima kwa kucha. Bwana Mkubwa anasafiri kwenda kwao na anataka kuchukua zawadi. Anaomba ala, ngozi nzuri, mshono wa kamba mbili, na ameagiza isiwe ya fundi mwingine.

Nimefunua. Ya Mfaransa. Kutu imekwisha kuanza chini ya mpini, hawajaigusa kwa mafuta hata mara moja. Nimemwambia aketi barazani. Nimeisugua, nimeipaka mafuta, nimepitisha kitambaa mara tatu mpaka mfereji ukawa mkavu. Sikufanya haraka. Kisha nimeifunga vilevile katika kitambaa chake, nikamrudishia.

Nimemwambia sina ngozi.

Kaziangalia ngozi zilizo miguuni pangu. Kaniangalia mimi. Kasema, haya mama, nitamwambia huna ngozi, akapiga saluti na kwenda zake.

Nimeketi, nimevuta ya kwanza kwenye rundo, nimeanza kukwangua manyoya.