"Niliweza Kuzima": Maelezo ya Karani Kuhusu Bomba la Mvuke

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mwanamke, miaka 36. Kazini huitwa Dada Karani.
Kazi: Karani na mchapaji, kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali.
Makazi: Nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda, mlango wa saba.
Yameandikwa mbele ya: Sajenti wa zamu, tarehe 17, saa 3:10 asubuhi.

Nimekuja kwa hiari yangu, sikuitwa.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu, siku ya Jumanne, saa 2:20 asubuhi, nilikuwa mezani kwangu niliposikia kishindo kutoka chumba cha pasi. Bomba la mvuke lilikuwa limepasuka. Nilipofika mlangoni sikuona mtu kwa ule weupe wa mvuke, nilisikia sauti tu. Mpiga pasi tuliyemwita Mama Pacha aliungua vibaya. Alifariki tarehe 13. Pacha wake wana miaka minane.

Mwangalizi wa boila ni mzee wa miaka 58, tunamwita Babu Mvuke. Tarehe 12, saa 4:00 asubuhi, meneja aliniagiza niandike maelezo yake kwa Kiingereza, kwa kuwa makao makuu hawasomi Kiswahili. Babu hajui Kiingereza. Pale kiwandani mimi ndiye ninayehesabika kuwa nakijua, na sifa hiyo nilikuwa naipenda.

Alisema, nikaandika kwa Kiswahili daftarini, kisha nikachapa. Daftari hili nalikabidhi. Mahali pamoja alisema, "Nilitakiwa kukagua kipimo kabla ya kuwasha." Akaanza kueleza kwamba alikikagua na kilikuwa sawa, meneja akamkatiza, "Fupisha, mzee." Hayo ya mwisho yamo daftarini, lakini sikuyachapa. Mahali pengine alisema, "Bomba lilipopasuka niliweza kuzima koki kuu."

Nikachapa "I should have checked the gauge," na chini yake "I could have closed the main valve." Nilijua ndivyo Kiingereza kinavyosema mambo yaliyopita. Ukitaka kurudi nyuma, unaongeza "have".

Nilimsomea Kiswahili kutoka daftarini, akaridhika. Alitia dole gumba la kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na bandeji hadi kiwikoni, kwa sababu koki aliizima ikiwa ya moto. Nilimshikia karatasi isiteleze, huku bandeji hiyo naiona kwa macho yangu.

Ijumaa tarehe 14 askari walimchukua. Meneja alisema, "Si amekiri mwenyewe?" Nilijiuliza amekiri nini.

Jumamosi asubuhi mke wake alinikuta uani naanika nguo. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumwandikia mumewe vizuri. Nilishindwa kumwangalia usoni.

Jana Jumapili, saa 8:00 mchana, nilimpelekea shangazi yangu nakala ya maelezo hayo. Amefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Alisoma, akavua miwani.

"Kwani huyu mzee hakuzima hiyo koki?"

"Alizima, shangazi. Mkono wenyewe umeungua."

"Mbona umeandika kwamba angeweza kuzima na hakuzima? Na hapa juu, kwamba ilimpasa akague na hakukagua?"

"Si ni wakati uliopita?"

"Mwanangu, hayo ni maneno ya mtu anayejutia asilolifanya. Umemjutisha mtu aliyetimiza kazi yake."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alichukua kalamu akaandika upya nyuma ya karatasi: kwamba kukagua ilikuwa kazi yake na aliifanya, na kwamba koki alifanikiwa kuizima.

Leo saa 1:30 asubuhi nilimweleza meneja. Alisema, "Dada, hiyo ni sarufi tu. Mtu amekufa." Nikamjibu, "Ndiyo, amekufa, na aliye ndani hakumuua." Akasema nikivuka geti kwenda polisi nisirudi. Nilivuka.

Bomba lilipasuka kwa sababu gani, sijui, hilo siwezi kulisemea. Ninachokijua ni kwamba Babu hakukiri kosa lolote. Maneno yale ni ya kwangu, dole tu ndilo lake.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda kwa mkono wangu. Nimesomewa, nimeyakubali, naweka sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA ASKARI: Nimeyaandika na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Nimepokea daftari moja na nakala moja yenye mwandiko nyuma. Nilimtahadharisha kwamba maelezo haya yanaweza kutumika dhidi yake mwenyewe. Alijibu, "Andika tu, afande." Daftari limelinganishwa na maelezo yaliyochapwa mbele ya mkuu wa kituo. Saa 9:40 alasiri mwangalizi wa boila ameachiwa kwa dhamana ya polisi, upelelezi ukiendelea. Shahidi alikuwa bado kwenye benchi la mapokezi. Alisimama amwamkie. Mzee ndiye aliyetangulia kusema: "Umekula, mwanangu?"

(Sahihi, Sajenti wa zamu)