Moto Usioonekana Kwenye Picha

Baba,

Nimempiga ndugu yako. Nimempiga Ami Barisa ngumi ya mdomo mbele ya wanawe, na siombi radhi. Kasirika ukitaka, lakini kwanza nisikilize.

Nilipigiwa simu nikiwa Garsen kwamba Ami anakohoa na hawezi kumaliza sentensi. Nilipofika bomani midomo yake ilikuwa rangi ya majivu, ile rangi niliyoiona kwako mwaka wa korona. Na moto ulikuwa umekokwa, chuma kimo ndani. Chuma kile kile, Baba. Kile anachowachoma nacho ng'ombe ubavuni wakishikwa na ugonjwa wa mapafu, kile alichokuchoma nacho kifuani huku machozi yakimtoka, maana alikupenda. Ng'ombe wake wengi walipona. Nani angembishia?

Mimi nilimbishia. Nilimkumbusha picha yako ya eksirei, daktari alivyoiinua dirishani. Mapafu yenye hewa huonekana meusi, alituambia, lakini yako yalikuwa meupe huku chini, kulia na kushoto, kama maziwa yaliyomwagika. Akasema ulazwe kifudifudi ili mapafu upande wa mgongo yapate hewa. Tukakugeuza. Vidonda vya moto vikapasuka kwenye shuka, ukapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia nikikamua ng'ombe. Tukakurudisha chali. Tukajaribu tena, ukapiga ukelele tena. "Niacheni," ukasema, wewe ambaye hukuwahi kutuomba kitu. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umekwisha.

Basi nilimwambia Ami hayo yote, naye akafoka, pumzi hana, "Picha ni ya watu ya mjini! Leta chuma!" Mwanawe mkubwa akainama kukitoa. Nikakivamia. Ami akanikamata leso, akanivuta shingo, na hapo ndipo nilipomtwanga. Tukaanguka wote wawili kando ya moto, wanawake wakipiga mayowe, nami nikakishika chuma kwa kiganja kitupu nikakirusha zizini. Harufu ya nyama yangu mwenyewe niliisikia. Sikukiachia mpaka kilipotoka mkononi. Ami alibaki chini akihema, hana nguvu tena ya kugombana, tukampakia kwenye pikapu ya ng'ombe. Njia nzima nilimkalia miguu asiruke.

Hospitalini akapigwa picha. Daktari akaiinua, Baba. Ule weupe ule ule, mahali pale pale. Nilidhani wamekosea, wamenionyesha yako. Akasema ni kirusi kile kile, apewe oksijeni, alazwe kifudifudi. Ami akang'aka, "Mimi si mjusi!" Lakini aligeuka. Kifua chake kilikuwa kizima, hakuna kidonda cha kumzuia. Nesi akaangalia kile kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni, akaangalia tena, akatabasamu. Mimi nikatoka nje nikapiga ukuta kwa mkono ule ulioungua, nikilia kwa uchungu wako.

Alipopata nafuu aliniomba nimletee picha yako. Tukaziweka mbili dirishani, yake na yako. Akapitisha kidole juu ya mbavu zako, polepole, mmoja baada ya mwingine, akitafuta.

"Moto yangu iko wapi hapa?"

Daktari akamwambia majeraha ya ngozi hayaonekani kwenye picha hii. Ami akanitazama mimi. Nilitaka kumpiga tena. Wallahi, Baba, nilitaka. Nikamwambia, "Haionekani, Ami. Lakini ilikuwako." Akaulaza uso kwenye mto, akalia hivyo hivyo kifudifudi, mabega yakiruka, nami nikamshika kisogo.

Ameshapona. Chuma alikitupa mwenyewe mtoni Tana, penye mamba, akakataa kusaidiwa. Bado analala kifudifudi, na wakeze wanamcheka kwamba anaogopa dari. Hawajui anakuogopa wewe.

Kiganja changu hakikunjiki vizuri, lakini kinakamua. Nakuahidi kwa kiganja hiki: nikiwa hai, hakuna kifua cha mtu wetu kitakachoguswa na chuma tena, hata kama itabidi nimpige kila mzee wa boma.

Kwaheri, Baba yangu. Tulikulaza ubavu wa kulia, ukielekea kibla. Huko hukupiga ukelele.

Mwanao,
Hawo