Burma ni Mahali, Siyo Kazi

Elburgon, Jumapili, Agosti 1957
Mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke nyumbani

Mama Kageha mpendwa,

Keti kwanza. Kama una maharagwe mikononi, yaweke chini.

Nimeipata. Ile kazi ya unyapara wa kambi mpya ya wapasua mbao, niliyokuandikia kwamba kila mtu anaitaka, nimepewa mimi. Inakuja na nyumba ya mbao yenye vyumba viwili na dirisha, na ruhusa ya kukaa na mke na watoto. Mwandiko ni mbaya kwa sababu bado nina furaha mkononi, na pia kwa sababu shule niliiachia darasa la tatu, jambo ambalo wewe uliyesoma kunipita hupendi nilisahau.

Lakini kazi hii umeipata wewe. Unakumbuka siku zile kabla sijaondoka, tukiwa nyuma ya jiko tunapukuchua maharagwe? Uliuweka ungo kichwani uwe kofia, ukajaza mashavu upepo, ukawa mzungu wa kuajiri watu.

“Wewe, mzee, umefanya kazi gani?”

“Nilikuwa Burma.”

“Burma ni mahali. Mimi sikuulizi mahali.”

“Nilikuwa jeshini.”

“Na jeshini ulikuwa unafanya nini, au ulikaa tu kama mafiga?”

“Nilikuwa napika.”

“Haya! Sasa umeanza kuongea. Uliwapikia nani?”

Nilikasirika, nakumbuka. Wenzangu waliorudi kutoka vitani walikuwa wanasimulia bunduki, na mimi nisimulie sufuria? Ukauondoa ungo kichwani ukaniambia taratibu, “Baba Kageha, huko uendako nani atakuajiri kwa ajili ya bunduki? Sufuria ndizo wanazo.”

Nilibeba mfuko wangu nikaja huku, na nilipoulizwa nimefanya nini nikasema Burma nikanyamaza. Wakanipa magogo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikibeba magogo ya mtarakwa kwenye ukungu na matope, mpaka bega la kulia likapanda juu kuliko la kushoto. Jioni nalala na wanaume wengine chumba kimoja, moshi ukiwa mwingi kuliko moto. Hayo sikukuandikia. Niliona aibu kukupa habari za bega.

Jumatano Bwana Meneja alituita mbele ya ofisi, sisi wote tulioitaka kazi. Karibu kila mtu alikuwa amevaa koti la kuazima, na langu lilikuwa limenibana kwapani. Meneja aliketi mezani, na kando yake fundi Kalasinga, Mhindi wa kilemba, mkuu wa mashine za kupasulia mbao. Nikishindwa, nilijua, ni magogo tena, na Kageha ataendelea kukua akinijua kwa barua.

Alitangulia Zakayo, mwenzangu wa chumbani, mtu wa maneno. Alitoa kifua mbele akaanza: Mombasa, Ceylon, Calcutta, Burma, kama karani anayetangaza stesheni.

“Mimi hapana uliza jina ya mji,” Meneja akasema. “Wewe nafanya nini huko?”

Zakayo akafikiri. “Nilifika, bwana.”

“Hata gunia hufika!” mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, Mama Kageha, kwa sababu niliuona ungo kichwani mwa yule mzungu. Hofu yote ikanitoka. Nilipoitwa, nilikujibu wewe.

“Bwana, nilikuwa mpishi katika kambi ya malori. Tulikuwa Wanyasa, Wasomali, Wahindi wa dini mbalimbali, na sisi wa huku. Nilipofika walikuwa wanapigana penye chakula. Nilipoondoka walikuwa wanakula kwa amani, kila kundi na sufuria yake.”

“Wewe nafanya nini mpaka nakuwa hivyo?”

Nikamweleza habari ya makofi. Unaijua. Siku niliyorudi kutoka vitani uliniletea ugali na mrenda, nami kabla ya kupokea nikapiga makofi mawili matatu ya polepole. Ukasimama na bakuli. “Unanipigia makofi? Mimi ni boi wako?” Ukageuka na chakula, nikakufuata hadi jikoni nikijitetea. Basi nilimwambia Meneja kwamba Wanyasa hushukuru hivyo wanapopewa chakula, na kwamba siku ya kwanza mimi nami nilidhani wananiita kama boi, nikarudisha chakula chote sufuriani. Walishinda njaa mpaka sajenti wao akaja kunifundisha adabu. Tangu hapo nilijifunza kuuliza kabla ya kukasirika. Niliwauliza Wasomali nani achinje. Niliwauliza Wahindi sufuria ipi isiguswe na nyama ya ng'ombe.

Meneja akaegemea mbele. “Hapa Wajaluo nataka samaki, Wakipsigis nashika pua. Nyapara mbili nakimbia.”

“Jiko la samaki nitalijenga upande upepo unakoelekea, bwana, nalo jingine upande unakotoka. Lakini kwanza nitakaa na wazee wa pande zote mbili niwasikie. Huenda samaki si shida. Huenda ni nani anahudumiwa kwanza.”

Ndipo Kalasinga akaingia. “Na mimi? Unajua mimi nakula nini?”

“Sijui, fundi. Nitakuuliza. Siwezi kulijua tumbo lako kwa kutazama kilemba.”

Nikasema moyoni, basi, ulimi umenimaliza. Halafu yule fundi mzee akajipiga paja kwa kicheko. “Huyu, bwana! Huyu!”

Zakayo alininunia siku tatu. Leo amekuja, amevua kofia. “Nyapara,” akasema, “kumbuka na mimi nina pua.” Nimemwahidi kitanda mbali na majiko yote.

Mke wangu, nimekuwa nikijiona mtu aliyepita duniani bila kuokota kitu. Kumbe mikono ilikuwa imejaa, ila nilikuwa naificha nyuma. Wewe uliiona, ukacheka, ukanitaka niitoe mbele. Asante. Neno hili nilikuwa na deni lake tangu siku ya maharagwe.

Funga vyombo. Mwambie Kageha aage wenzake. Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu napanda gari moshi hapa Elburgon hadi Kisumu, na kutoka Kisumu hadi stesheni yetu ya Luanda. Jumamosi, kabla jua halijafika utosini, nitakuwa mlangoni kuwachukua. Pika mrenda. Ukinikabidhi bakuli nitapiga makofi, na safari hii usigeuke.

Mume wako anayekuja,
Baba Kageha