Mstari wa Mia na Saba

S.L.P. 219,
Titusville, Florida.
Jumapili, 9 Oktoba 2011

Mpendwa binamu Ardith,

Kwa heshima zote na masikitiko makubwa, natangaza kwamba jino langu la juu, upande wa kushoto, limestaafu Jumanne likiwa kazini, kwenye bunzi la hindi. Familia inaomba msilete maua.

Zaidi ya hapo mimi mzima, na natumaini nyote huko Alaska hamjambo. Goti la Vernon linaendeleaje? Theluji imeshawafungia ndani? Huku joto bado halijapata habari kwamba ni Oktoba.

Umeniuliza kama nitahama. Sihami. Tangu chombo cha anga cha mwisho kitue Julai, na sisi wabandika vigae tupewe mkono wa kwaheri, kila mwenye lori anafunga godoro juu yake. Waende salama. Mimi miaka ishirini na sita nimebandika vigae vya kukinga moto kwenye matumbo ya vyombo vile, kimoja kimoja, na hakuna kilicholingana na mwenzake. Mtu wa kazi ile hajui kuondoka gundi haijashika.

Sasa sikia vita vyetu. Kamati ya mji iliamua kutundika ukumbini ubao wa majina ya wanaanga wote, safari zote mia na thelathini na tano. Orodha ni yangu, nimeiandika kwa mkono miaka yote hiyo: kila safari mstari wake, majina matupu bila nambari, kwa mfuatano wa kuruka. Mwenyekiti ni Bwana Skaggs, muuza nyumba, ana miaka miwili tu hapa. Akataka zile safari mbili ambazo watu wake, saba kwa saba, hawakurudi ziondolewe.

"Mzee Quigg, mtalii haji hapa kulia. Anakuja kununua fulana," aliniambia. "Hizo mbili zinaitwaje?"

Nikamjibu: 51-L na 107. Kweli tupu. Ila sikumwambia kwamba nambari ilitolewa siku safari inapopangwa, si siku inaporuka, na nyingine zilikaa zikingoja mpaka wadogo zao wakazipita. Ile 51-L iliruka ya ishirini na tano. Ile 107 ya mia na kumi na tatu. Aliomba nambari, nikampa nambari. Akachukua rula, ile L akaiacha, akahesabu mistari ya ubao toka juu, akafuta ya 51 na ya 107.

Odessa Pruitt, aliyeshona mablanketi ya kukinga joto ya vyombo vile mpaka vidole vikapinda, alikuwa ameshaniapia: "Wakifutwa wale kumi na nne, na mimi nifutwe kwenye mji huu." Siri ya nambari sikumwambia. Odessa hawezi kuficha kicheko.

Jumamosi moja ya Septemba ubao ukafunuliwa. Odessa alikuja na fimbo yake, sufuria ya maharage na mkate wa mahindi. Unaijua desturi yetu: maharage huliwa chombo kikisharuka, si kabla. Akausoma ubao kwa kidole, mstari kwa mstari, ukumbi mzima ukinusa sufuria.

"Asante, mwanangu," akamwambia Skaggs. "Umewaacha wale kumi na nne."

"Wapi?" Skaggs akawa mweupe kuliko kawaida yake.

"Hawa hapa, na hawa hapa. Ila hawa uliowafuta walikukosea nini? Walirudi wazima. Watakupigia simu wewe!"

Watu wakacheka mpaka Skaggs akaamuru ubao ushushwe, akausafishe vizuri, maana yake awatoe kweli. Hapo Odessa akafunika sufuria, akaweka mkoba wake juu ya kifuniko.

"Basi hakijaruka kitu hapa. Hali mtu."

Nikasimama. Nikasema kila kundi lilipita karakana kutushika mikono kabla ya kuruka, na wale kumi na nne walipita. Mkono niliopewa siufuti, si kwa fulana, si kwa mtalii, si kwa kamati.

"Skaggs, waandike wote, tunakufa njaa!" akapiga kelele mmoja wa nyuma.

Akapanda kiti, akawarudisha wale wazima kwa kalamu yake ya kutilia sahihi mauzo. Wale kumi na nne hakuwagusa. Maharage tuliyala yamepoa, na sijapata kula matamu kama yale.

Nisalimie Vernon na goti lake, mapacha wa Lorna, na Shangazi Beulah kama bado ananikumbuka. Mungu awape kuni kavu na barabara iliyo wazi mpaka majira ya kuchipua.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye nikiwa papa hapa,
Harlan Quigg

Nyongeza: Ubao mpya, wenye majina yote kwa herufi za shaba, ulitundikwa Jumatatu. Hadi leo hajasimama mtu kuusoma.