Chungu cha Makande na Kidonge cha Redempta

Jumatatu, 7 Septemba 1992

"Mwenye sukari na presha akae, atulie, moyo upumzike." Ndivyo alivyosema Tabibu Humphrey leo, amekalia kiti chake kipya cha kuzunguka, katika kliniki aliyofungua karibu na stendi. Upuuzi! Moyo si trekta la kijiji likae linasubiri spea. Mke wangu Redempta alipanda milima ya Vudee na ndizi kichwani miaka yote ile ya shida, tunapanga foleni ya sukari, tunapata robo kilo. Hakuugua. Serikali ikafungulia biashara, tukateremka Same, tukaanzisha duka, akakalia stuli. Mkate, soda, mafuta ya kupikia. Sasa sukari imejaa dukani, na imejaa kwenye damu yake. Na tabibu anamwandikia nini? Stuli ileile — kama dawa!

Nilimwambia usoni. Akasema, Mwalimu, wewe bishana na serikali magazetini, mgonjwa niachie mimi.

Jumatano, 9 Septemba

Nimesoma jarida la tiba aliloacha mgeni mmoja wa misheni. Kiingereza kizito. Nimerudia, sasa kichwa kinauma. Insulini inaifungulia sukari mlango iingie kwenye misuli — hilo nalijua. Lakini msuli unaofanya kazi huvuta sukari wenyewe, hata insulini ikiwa haba. Safi! Hoja yangu hiyo. Nageuza ukurasa: kazi ikiwa nzito homoni ya adrenalini huliamuru ini limwage sukari kwenye damu. Sasa jembe linapandisha au linashusha? Halafu eti moyo nao ni tezi! Ukitanuka unatoa homoni yake, inaziambia figo zitoe chumvi na maji. Na wapo wataalamu wanaodhani msuli ukifanya kazi unatuma mjumbe kwenye damu, aende kwenye ini, aende kwenye moyo. Ila mjumbe mwenyewe hakuna aliyemwona. Nani anamwamuru nani humo ndani? Kikao kisicho na mwenyekiti!

Nikamsomea Redempta. Akasikiliza mpaka mwisho. "Baba Eva, ukimaliza kugombana na hizo homoni, niambie nipakue."

Ijumaa, 11 Septemba

Mzee Melkizedeki, msimamizi wa ndiva yetu, bwawa la kumwagilia mashamba kule Vudee, ametuma salamu. Kesho ni msaragambo: kila nyumba ilete mikono, tope litolewe bwawani kabla ya mvua za vuli. Redempta ameruhusiwa kubaki, ni mgonjwa. Nikamwambia twende. Macho yakamng'aa.

"Na tabibu je?"

Tabibu, nikasema, yuko kwenye kiti kinachozunguka.

Tumepanda na pikapu. Tuko nyumba ya zamani. Baridi.

Jumamosi, 12 Septemba

Niandike tu.

Alfajiri Redempta alimeza kidonge chake cha sukari, kama kila siku. Hakula. Nani anakula? Kwenye ndiva yetu chungu cha makande hakifunuliwi mpaka majembe yaoshwe. Wanawake wakamtania: Mama Eva kaja na mikono ya mjini! "Ngojeni muione hiyo mikono," akasema, na tope likaruka. Akaimba. Nilisimama pale nimejaa ushindi kama mpumbavu.

Jua lilipopanda akaanza kutoka jasho la ajabu. Akatetemeka. Akaniita Nicolaus — kaka yake, marehemu! Akakaa chini, ndani ya tope.

Moyo! Moyo! Watu wakapiga kelele. Mzee Melkizedeki akamimina chai kutoka chupa yake. Nikaionja — sukari tupu. Nikakinyakua kikombe. Huyu ana sukari, mtamuua! Dada yangu Fortunata akanisukuma, nikaanguka chali. "Mtu anakufa wewe unahubiri!" Akamnywesha yote, na nyingine juu yake.

Kisha Redempta akanitazama. "Baba Eva, mbona una tope mgongoni?"

Nililia mbele ya watu.

Jumatatu, 14 Septemba

Kliniki. Humphrey akachemsha mkojo wa Redempta na ile dawa ya buluu ya kupimia sukari. Wiki zote ilikuwa ikigeuka rangi ya matofali, sukari tele. Leo imebaki buluu! Nikaruka. Humphrey akanikata: Jumamosi sukari ilishuka mno, Mwalimu. Kidonge kinaishusha, jembe linaishusha, na tumboni hamna kitu. Ungerudi na maiti.

Nikamuuliza, mbona hukusema kidonge kinataka chakula?

Nilisema akae! Anayekaa nyumbani anakula.

Basi nilikuwa sahihi, na nusura nimuue. Naye alikosea, na ushauri wake ungemlinda. Nifanye nini na hoja ya namna hii? Nikamuuliza apunguze kidonge siku ya kazi, au aache? Akazunguka na kiti. Akasema, kwa sauti ndogo, hakuna aliyenifundisha kidonge na jembe kwa pamoja.

Njiani Redempta akaniambia: amelala vizuri, miguu yake haikuwaka moto. Jumamosi wanamalizia tope la ndiva. Atakwenda.

Jumamosi, 19 Septemba

Vudee tena. Hakujapambazuka sawasawa. Redempta amefunga kanga kiunoni, amesimama mlangoni, kidonge kiko kiganjani. "Nimeze, nisimeze?" Sijui! Mimi, ninayejua kila kitu!

Kula kwanza, nikamwambia. Hataki. Akila peke yake watasema Mama Eva kaja na shibe ya mjini. "Sili nimejificha kama mwizi."

Nimekimbia kwa Mzee Melkizedeki. Shikamoo. Marahaba. Nikamwomba leo watu wote wale kabla ya kazi. Akacheka: kijana, wakishiba nani atashika jembe? Nikamweleza msuli, insulini, ini. Akasema moyo wa mkeo siujui, chungu nakijua.

Fortunata naye amekuja, anasema tayari wanapanga majembe. Redempta bado yuko mlangoni. Kiganja kimefumbwa.

Humphrey, shuka kwenye hicho kiti, panda mlima, simama hapa uniambie kidonge hiki nusu au kizima! Na ninyi wazee wa ndiva, Melkizedeki na wenzako: funueni chungu. Leo. Kabla ya jembe la kwanza. Kila mtu ale, naye ale katikati ya watu.