Swali la nyuma ya pazia

Wee, usicheke. Mimi na mke wangu tumekuja kuchangia damu ya mama mkwe, anapasuliwa kesho.

Nesi kaniuliza kama mwaka huu nimelala na mtu mwingine zaidi ya mke wangu. Nikamjibu ndiyo, shemeji yangu.

SHEMEJI! Kwa hii sauti yangu!

Si unajua kaka yake mke wangu yuko kwetu tangu mama yao alazwe, na mimi na yeye tunalala godoro moja?

Nesi akaweka kalamu chini. "Kaka, nauliza tusije tukamwambukiza mgonjwa." Nyuma ya pazia mke wangu anacheka mpaka anapaliwa.

Zamu yake ikafika. Akaulizwa swali lilelile. Kicheko kikakatika.

"Nesi, mwambie kwanza mume wangu atoke nje."

Bado niko nje.