Shairi Linasema Samehe, Muhogo Uko Juu ya Kaburi

Mama Kadidja wa redio, shikamoo. Hasira zangu ni juu yako na lile shairi mlilolisoma, la mtu mwenye watu wawili kifuani, mmoja anasema samehe mwingine anasema kataa, wanagombana wee mpaka mwisho wanakumbatiana na kulala, na mume wangu Moses akaongeza sauti ya redio akaniambia umesikia, huyo ni wewe, nikamwambia huyo si mimi, wangu hawalali, maana mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na tuliporudi hapa Mwakiro tulimkuta baba mdogo Kastori analima shamba letu lote, sawa, vita vilikuwa vita, wazee bashingantahe wakaamua tugawane nusu kwa nusu nikakubali, lakini upande wake ndiko alikolala baba, na juu ya kaburi kapanda muhogo! Si kwamba hajui, ni yeye aliyemzika kabla hatujakimbia, mama yangu alimshikia taa. Sasa Jumapili natakiwa kunywa naye urwarwa, pombe ya ndizi, kwa mirija kwenye mtungi mmoja mbele ya wazee, na ukishanyonya kesi imekufa, huruhusiwi kuifufua, mmoja ndani yangu anasema kunywa watoto wapate amani, mwingine anasema mtemee mate, na shairi lenu halikusema siku yenyewe mtu afanye nini na mdomo wake. Nisaidie, au mlifute.

Vumilia, Mwakiro, Muyinga

We Vumilia, marahaba. Pole sana, na mi pia nimekasirika. Muhogo juu ya kaburi la kaka yake? Na anaula? Astaghfirullahi! Hiyo si njaa, hiyo ni dharau kabisa.

Lakini na we ngoja nikuseme. Raissa aliyeandika shairi iko hapa mtaani Yoba anashona nguo za watu, hamjui Kastori wala jembe lake. Umegombana na redio, umegombana na bwana yako, umenigombeza na mi. Kastori je, umemwambia nini? Nimesoma barua mara mbili, hamna hata neno moja. Unamuogopa, donc ndiyo maana unapigana na shairi. Acha!

Na hao wawili kifuani, nani alikwambia lazima mmoja ashinde? Wa amani iko na haki. Wa mate pia iko na haki, ila mate ayameze, aseme maneno.

Kabla ya Jumapili nenda kwa mkubwa wa bashingantahe, umwambie kesi haijaisha, iko kaburi ndani yake. Kastori ang'oe ule muhogo kwa mikono yake, wazee wakitazama, asitume mtu, na mpaka usogezwe, kaburi liwe upande wako. Akikubali, kunywa. Mi Mwislamu, pombe sigusi, lakini uzito wa mrija huo naujua, ukishanyonya usinirudie hapa na machozi. Akikataa, simama, chukua watoto, rudi nyumbani.

Kisha iko jambo moja limeniuma. Barua yako yote, baba yako hujamtaja jina. Jumapili mtaje, majina yake yote, kwa sauti, Kastori akikutazama, kabla mtu yeyote hajainama kwenye mtungi.